Kikombe Kabla ya Kamera

Hospitalini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Sista Kikombe, na hata barua ya kumpandisha cheo ilipokuja, karani wa masjala alizunguka nayo wodi mbili akiuliza huyu ni nani, mpaka mfagizi mmoja alipoichungulia juu ya bega lake na kumwambia, "Si Kikombe huyo!"

Jina alikuwa amelipata kihalali. Kazi yake ilikuwa kwenye chumba cha kamera, kile cha mwisho wa korido ya chini, ambamo mgonjwa hulazwa ubavu wa kushoto, akachomwa sindano ya kumlegeza, kisha daktari akampitisha mdomoni mpira mwembamba wenye taa na kamera ili aone tumbo lina nini. Kamera ni ya daktari. Sista Kikombe alikuwa na mashine ya kufyonza, ambayo wenyewe huiita sakshen, na ukimsikiliza yeye, kamera ni pambo tu. Mtu aliyelegezwa hamezi vizuri wala hakohoi vizuri. Mate yakijaa, au tumbo likirudisha kitu kikateremkia njia ya hewa, hiyo kamera itakuonyesha nini? Itakuonyesha jinsi unavyompoteza mtu.

Kwa hiyo kila asubuhi, na tena kabla ya kila mgonjwa, alichota maji kwenye kikombe cha bati cheupe kilichobanduka rangi mdomoni, akatumbukiza ncha ya mrija, akawasha mashine na kuanza kuhesabu. Maji yalitakiwa yaishe kabla hajafika tano. Yakifika sita, mgonjwa halali kitandani, hata awe mkubwa wa nani. Mkurugenzi wa hospitali mwenyewe aliwahi kusubirishwa korido nzima ikimwona, amevaa gauni la wagonjwa lililo wazi mgongoni, kwa sababu maji yalichelewa kwa hesabu moja.

Tena alikuwa na masikio. Sijui aliyapata wapi. Alijua mlio wa maji, mlio wa mate mazito, na ule mlio wa kukabwakabwa unaotokea daktari anaposogeza kamera karibu mno na ukuta wa tumbo huku kidole chake kimeganda kwenye kitufe cha kufyonza, mashine ikaanza kuvuta nyama. Hapo hakungoja kuulizwa. "Daktari, kidole," alisema, na daktari akatoa kidole kama mtoto aliyekutwa kwenye bakuli la sukari. Nyama ikivutwa hivyo huacha duara jekundu, na kuna daktari mgeni aliyewahi kulikuta duara lake mwenyewe, akakunja uso, akaanza kulitafutia jina la ugonjwa. Sista alimwacha atafute kidogo. Kisha akamwambia kwa adabu zote, "Ugonjwa huo umeuleta wewe sasa hivi, daktari."

Huyo ndiye Sista wa kazini. Wa nyumbani alikuwa huyohuyo, ila alikuwa na mume wa kumhubiria.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, mwenye kibanda chake mtaa wa pili, mtu mpole, mwembamba, mwenye futi ya kupimia shingoni hata siku za mapumziko. Wateja walimwita Fundi Kesho, na hakuna haja ya kueleza kwa nini. Kila jioni, sahani zikiwa mezani, Sista alimsimulia siku yake mrija kwa mrija. Kwamba mirija iwe miwili, wa kamera na wa mdomoni, usitegemee mmoja. Kwamba chupa ya kukusanyia uchafu ibadilishwe kabla haijajaa, na kifuniko chake kikandamizwe mpaka kilie, maana hewa ikipata upenyo mashine itanguruma bure tu. Kwamba mrija wa mdomoni upite pembeni mwa shavu, usichokoe koo, na usikae humo zaidi ya kuhesabu kumi, kwa sababu unafyonza mate na pumzi vilevile. Fundi alitafuna, akatazama ukuta.

"Unanisikia lakini?"

"Nakusikia, mke wangu."

"Nimesema nini?"

Fundi alimeza. "Kikombe."

Miaka ishirini na sita jibu lilikuwa hilohilo. Siku nyingine hotuba haikuwa hata na kikombe ndani yake, ilikuwa ya vifuniko, na bado mwanamume akajibu kikombe. Sista aliwaambia wenzake kazini kwamba amezaa watoto wanne na mtu aliyetia pamba masikioni, na wenzake wakacheka, naye akacheka, ingawa si kila siku kicheko kilitoka moyoni.

Mwaka huo Fundi alianza kukonda. Hakusema kitu; alifanya alilofanya fundi yeyote mwoga, alizipunguza kiuno suruali zake mwenyewe, moja baada ya nyingine, akidhani mke hatagundua. Sista aligundua siku ya kufua. Akaigeuza suruali ndani nje, akaona mshono wa kwanza umekunjwa, na juu yake mshono wa pili umekunjwa tena, uzi mpya. Alikaa pale kwenye beseni na suruali ile mapajani kwa muda mrefu. Mtu anayefanya kazi chumba cha kamera anajua kukonda kunaweza kuwa mwanzo wa nini. Alikuwa ameyaona hayo mambo kwenye kioo, makubwa na yenye rangi zake, na kila alipofumba macho sasa aliyaona kwenye tumbo la mumewe.

"Utakuja kupimwa," alimwambia.

"Kesho," akasema Fundi.

Kesho hiyo ilichukua wiki saba. Kulikuwa na sare za shule, kulikuwa na gauni la bibi harusi, kulikuwa na cherehani iliyokuwa ikikohoa. Mwishowe Sista alikwenda mwenyewe kibandani, akageuza kibao cha mlangoni upande ulioandikwa PAMEFUNGWA, na kutangaza mbele ya wateja watatu kwamba Jumanne fundi hayupo. Wateja walipiga makofi. Walidhani anakwenda kupumzika.

Kwa utaratibu wa hospitali mtu hamhudumii wa kwake, na daktari wa zamu, kijana mcheshi aliyekuwa akimheshimu Sista kama mama yake na kumtania kama shangazi yake, alimkumbusha hilo.

"Wewe leo ukae nje, mama. Unywe chai."

"Mwenzangu yuko likizo. Nikikaa nje mrija nimwachie nani?"

Daktari alimtazama mwuguzi wa sindano, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, ambaye mikono yake miwili ilikuwa na kazi yake tayari. Hakukuwa na wa tatu. "Haya," akasema daktari. "Lakini mkono ukitetemeka, unatoka."

"Mkono wangu haujawahi kutetemeka tangu hujazaliwa."

Ni kweli haukutetemeka. Kilichotokea ni kingine. Mgonjwa wa kwanza wa asubuhi hiyo alikuwa amekaribia kuijaza chupa, Sista akaitoa, akaweka mpya, akashika kifuniko. Wakati uleule akasikia sauti ya mumewe kwenye korido, akimwahidi mtu asiyemjua kwamba suruali yake itakuwa tayari kesho. Akakiweka kifuniko juu ya chupa na kutoka kwenda kumpokea.

Fundi alikuja na gauni la wagonjwa, ambalo tayari alikuwa amelikosoa mishono. Akapanda kitandani, akalala ubavu, akavuta magoti. Mkewe alimfunika shuka, akambana kidoleni kile kipimo cha oksijeni, akaweka mkono begani kwake na kuusahau pale.

"Umekula chochote leo, mzee?" daktari akauliza.

"Tangu jana jioni sijatia kitu."

"Hata chai?"

"Daktari, hata mate nameza kwa tahadhari."

Chumba kikacheka. Mwuguzi akashika sindano. Sista akachukua kile kidude cha plastiki cha kung'atwa na meno, ili mgonjwa asije akautafuna mpira wa watu, na kukisogeza mdomoni kwa mumewe. Fundi akaugeuza uso.

"Subirini kwanza."

"Ameanza," akasema Sista. "Nilijua tu. Sasa atatuambia turudi kesho."

"Kikombe," akasema Fundi.

"Nini?"

"Kikombe. Hujafyonza maji."

Sista alihisi masikio yanamwaka moto. Mbele ya daktari! "Baba watoto, usitupotezee muda. Ng'ata hicho kidude."

"Sing'ati."

Daktari alikuwa amegeukia ukutani ili asicheke usoni mwa mkubwa wake. Ukutani hapo palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa mwandiko wa Sista mwenyewe, kwa wino mwekundu: KIKOMBE KWANZA. "Mama," akasema daktari, "mzee ana haki yake. Si sheria yako hiyo?"

Basi Sista akakichukua kikombe kwa hasira, akachota maji mpaka yakamwagikia kiatuni, akatumbukiza mrija wa mdomoni na kuwasha mashine. Mashine ikanguruma vizuri tu. Moja, mbili, tatu. Maji yalitulia tuli. Nne, tano. Sita. Kikombe kilikuwa kimejaa vilevile, na juu yake unauona uso wa mtu.

Kicheko kikaisha chumbani. Sista alizima, akawasha, akaufuata mrija kwa vidole mpaka kwenye chupa, na vidole vikafika kwenye kifuniko kabla ya macho. Kilikuwa kimekaa upande, kimeinuka kiasi cha ukucha. Akakikandamiza kwa kiganja mpaka kikalia ta, akatumbukiza mrija tena, na maji yakaenda yote kabla hajamaliza kusema tatu. Akarudia. Kisha akapima na mrija wa kamera, halafu akarudia tena ule wa kwanza, na hakuna aliyemtania.

"Enhe," akasema Fundi kutoka kwenye mto. "Sasa lete."

Sindano ikaingia, macho yakamlegea, kamera ikapita. Walifika tumboni bila shida, na kioo kikaonyesha kitu ambacho hakikutakiwa kuwepo. Ilikuwa kama sinia lililosahauliwa mezani: maji ya rangi ya chai, mabonge meupe, na vipande vya njano.

"Sista," akasema daktari polepole, "huyu mtu si amefunga?"

Kabla hajajibiwa, koo la Fundi lilipanda.

Sista alilisikia kabla ya kuliona. "Toa kamera!" akasema, na daktari akawa ameshaanza kuivuta. Mwuguzi akabonyeza kitanda kikainama upande wa kichwa. Yakaja yote kwa mkupuo, na mrija ulikuwa tayari mdomoni, pembeni mwa shavu, si kooni, ukifyonza kwa mlio ule mzito aliokuwa akiujua kuliko sauti za wanawe. Namba ya kipimo cha kidole ilikuwa tisini na saba. Ikawa tisini na tatu. Ikawa themanini na tisa. Nane, tisa, kumi: akautoa mrija, akamwachia pumzi, mwuguzi akamwekea oksijeni. Yakaja tena, akarudi shavuni. Alikuwa akihesabu kwa sauti, na wenzake walisema baadaye kwamba baina ya hesabu na hesabu alikuwa akimwita mumewe jina ambalo hawakuwahi kulisikia, lile la zamani la wao wawili, lakini yeye mwenyewe hana habari hiyo.

Namba ikasimama. Ikarudi tisini na moja. Tisini na tano. Fundi akakohoa kikohozi kizuri, kikavu, cha mtu aliyeudhiwa.

Sista alimfuta uso, akampanga vizuri ubavuni, akamkabidhi mwuguzi mirija, akatoka. Aliingia chumba cha mashuka, akafunga mlango, akakaa juu ya gunia la nguo chafu na kulia. Alilia kwa woga, na kwa hasira, na kwa aibu ya kifuniko. Kama maji yale yasingechotwa, angekuwa na mrija mkononi na mashine inayonguruma bure, na mumewe mbele yake. Alirudia hilo kichwani mara nyingi, na kila mara liliishia palepale. Halafu akanawa uso.

Fundi alipozinduka alimkuta ameketi pembeni ya kitanda.

"Wameona nini?" akauliza kwa sauti ya kukwaruza.

"Wameona yai."

Fundi akafumba macho tena, akajifanya dawa haijamtoka.

Jioni hiyo, mezani, Sista alikuwa na hotuba. Alikuwa ameitunga njia nzima, ina mwanzo, kati na mwisho, na mwisho wake ulikuwa mkali. Fundi alikuwa na uji mwepesi mbele yake na uso wa mtu anayesubiri hukumu.

"Kwa nini ulikula?"

"Tumbo liliniuma. Alfajiri, saa kumi na moja. Linauma nikiwa na njaa, nikila linaniacha. Nikasema kidogo tu, nani atajua."

"Na hukuniambia kwamba linauma hivyo?"

"Nilikuambia."

"Lini?"

Fundi aliupoza uji kwa kijiko. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Ile siku mlipoletewa mashine mpya. Nilikuambia, tumbo linaniamsha alfajiri. Ukaniambia mashine ina nguvu mara mbili ya ile ya zamani. Halafu siku ya mvua kubwa, nikakuambia nikila linatulia. Ukaniambia kuna mtu ameacha chupa ikajaa mpaka juu. Mara ya tatu ilikuwa mwezi wa Ramadhani ulipokwisha, hapahapa, nikaona, aa, nipunguze suruali tu."

Ile hotuba yote ilimtoka Sista kichwani. Alizikumbuka siku zote tatu: mashine aliikumbuka, chupa aliikumbuka, hata jina la aliyeiacha ikajaa. Maneno ya mumewe hakuyakumbuka hata moja. Yeye, anayesikia nyama ikivutwa ndani ya tumbo la mtu.

Akauliza, taratibu, "Na wewe kikombe ulikijuaje?"

"Nikijueje tena? Mirija miwili, usitegemee mmoja. Chupa kabla haijajaa. Kifuniko mpaka kilie. Pembeni mwa shavu, hesabu kumi, toa, mwache apumue. Kidole kisigande kwenye kitufe, utaacha duara jekundu." Alikuwa akiyasema huku akikoroga uji, bila hata kufikiri. "Miaka ishirini na sita, mke wangu. Hata cherehani ingekuwa inayajua."

"Sasa kwa nini kila nikikuuliza unajibu kikombe tu?"

"Nikisema yote utanianzishia sura nyingine, na chakula kinapoa."

Sista akacheka huku machozi yanamtoka, jambo ambalo lilimharibia heshima kabisa. Fundi akasubiri amalize.

"Leo nilikuwa naangalia mikono yako," akasema. "Ulinifunika. Ukanifunga kile cha kidoleni. Ukaniwekea mkono begani. Hukugusa kikombe. Nikajua unaogopa kuliko mimi, na mimi nilikuwa naogopa sana."

Sista aliisogeza sahani yake kando. Akasogeza na kiti mpaka magoti yao yakagusana chini ya meza. "Haya," akasema. "Niambie tena tangu mwanzo. Lilianza lini?"

Fundi alimwambia. Ilichukua muda, kwa sababu hakuzoea kuachiwa nafasi, na kila akifika mwisho wa sentensi alisimama kumpisha mkewe, naye mkewe hakuichukua zamu.

Kilichoonekana mara ya pili, alipopimwa upya wiki iliyofuata, nakisema mapema, ili mtu asibaki na roho juu: kidonda, pale tumbo linapoanza kuwa utumbo, kikubwa kama kifungo cha shati, cha aina inayopona kwa vidonge na uvumilivu. Daktari alipolisema hilo, Sista alishika ukingo wa kitanda na kumshukuru Mungu kwa sauti iliyofika mapokezi.

Lakini kabla ya hapo, asubuhi hiyohiyo, Fundi alikuwa amelala tena ubavu wa kushoto, gauni lilelile lenye mishono mibaya, na safari hii kweli hajala, maana saa kumi na moja tumbo lilipoanza kumuuma, mkewe alikaa naye, akimsugua mgongo mpaka kulipopambazuka. Mwuguzi alikuwa na sindano. Sista akakandamiza kifuniko, kikalia. Akachota maji, akatumbukiza mrija.

"Subirini kwanza," akasema Fundi.

Daktari akashusha mikono. "Nini tena, mzee? Kikombe si hicho?"

"Nina swali langu." Akamtazama mkewe. "Unanisikia?"

"Nakusikia, baba watoto."

"Nilikuambia nini?"

Sista akawasha mashine. "Linaanza saa kumi na moja alfajiri," akasema. "Hapa, chini ya chembe ya moyo. Linauma kama mtu anakutoboa kwa sindano ya cherehani isiyo na uzi. Ukila linakuacha kwa saa mbili, kisha linarudi. Lilianza wiki uliyomaliza sare za shule za mwanzo wa mwaka, ukadhani ni vumbi la kitambaa. Ukaniambia mara tatu." Maji yalikuwa yamekwisha zamani kikombeni, mashine ikinguruma juu ya bati tupu, na yeye bado anaendelea, na hakuna aliyethubutu kumwambia mgonjwa yuko tayari.